Utoto wa Musa na maongozi ya Mungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwenye vipindi vya kusoma Biblia, shule ya Jumapili, na mazungumzo ya barazani baada ya ibada. Mengine huulizwa na watoto wa miaka saba, na hayo ndiyo magumu zaidi. Kila jibu linajitegemea. Pale majibu yanapogusana, nimeweka namba ya swali la kuangalia.

## Mambo ya msingi

1. Maongozi ya Mungu ni nini? Si ndiyo yale yale majaliwa?

Ni imani kwamba Mungu hakuumba dunia akaiacha ijiendeshe, bali anailinda na kuielekeza mpaka yale aliyokusudia yatimie. Wakatoliki hupenda kusema maongozi, wengine husema mkono wa Mungu, na watu wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, watasema majaliwa au kudra. Maneno si tatizo.

Tatizo ni kwamba neno majaliwa tumelichosha. Basi likichelewa, majaliwa. Kijana asiposoma akafeli, majaliwa. Limegeuka kuwa neno la kufungia mjadala. Hadithi ya Musa ni dawa nzuri ya ugonjwa huo, maana ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyekaa akisubiri majaliwa. Kila mtu ana kazi mkononi.

2. Hadithi yenyewe iko wapi, na inasemaje?

Iko Kutoka 1:8 hadi 2:25. Anatawala Misri mfalme asiyemjua Yusufu. Anawaogopa Waisraeli kwa wingi wao, anawatumikisha kujenga miji ya Pithomu na Ramesesi, wao wanazidi kuongezeka. Anawaagiza wazalisha wawaue watoto wa kiume, wanakataa. Mwishowe anawaamuru watu wake wote: kila mtoto wa kiume atakayezaliwa atupwe mtoni.

Katika hali hiyo mwanamke wa kabila la Lawi anazaa mtoto wa kiume. Anamficha miezi mitatu, kisha anamweka katika kisafina kando ya mto. Binti Farao anamwokota, mama mzazi anaajiriwa kumnyonyesha, mtoto anakulia ikulu. Akiwa mtu mzima anamuua Mmisri, anakimbilia Midiani, anaoa, anachunga kondoo. Ukitaka kuona Wakristo wa kwanza waliisomaje habari hii, fungua Matendo 7:17–29 na Waebrania 11:23–27.

3. Nimesikia Mungu hatajwi katika hadithi ya kuzaliwa kwa Musa. Kweli?

Kweli. Fungua Kutoka sura ya 2 uhesabu mwenyewe. Kuanzia aya ya 1 mpaka ya 22 jina la Mungu halimo. Hakuna malaika, hakuna ndoto, hakuna sauti kutoka mbinguni. Mama haambiwi kwamba mtoto wake atakuwa mkombozi. Sura ya 1 inamtaja Mungu pale kwenye habari za wazalisha tu, kwamba walimcha naye akawatendea mema.

Kisha, aya za 23 hadi 25, mfalme amekufa, watu wanaugua kwa utumwa, na ghafla Mungu anajaa ukurasa mzima: anasikia, anakumbuka, anaona, anajua. Msomaji anaposhtuka kumwona, anajiuliza: kumbe muda wote huu alikuwa wapi? Kwa maoni yangu mwandishi amelifanya hilo kwa makusudi, na ndilo fundisho kubwa la sura hizi mbili. Alikuwa ndani ya lami, ndani ya macho ya msichana aliyesimama mbali, ndani ya huruma ya mwanamke wa Kimisri aliyekwenda kuoga. Anayesubiri muujiza unaong'aa atazisoma sura hizi asiuone.

4. Farao huyo alikuwa nani?

Biblia haimtaji jina. Wanaomweka Musa karne ya 15 kabla ya Kristo huanzia 1 Wafalme 6:1, inayohesabu miaka 480 kati ya kutoka Misri na kuanza kujengwa kwa hekalu la Sulemani. Wanaomweka karne ya 13 hutazama jina la mji wa Ramesesi na kumkumbuka Ramesses wa Pili, aliyetawala 1279–1213 K.K. Jiwe la mwanawe Merneptah, la mwaka 1208 K.K. hivi, tayari linataja Israeli kama watu waliopo Kanaani.

Linalonifurahisha mimi ni jingine. Mfalme mwenye majeshi na miji ya hazina hana jina katika kitabu hiki, lakini wakunga wawili wana majina: Shifra na Pua.

## Wanawake walioizunguka amri

5. Shifra na Pua walimdanganya Farao. Mungu hubariki uongo?

Walimwambia kwamba wanawake wa Kiebrania ni hodari, hujifungua kabla mzalisha hajafika. Andiko halisemi kama ni uongo mtupu au ni nusu ya ukweli. Mkunga akitembea polepole, mtoto atazaliwa kabla yake.

Augustino, askofu wa kanisa la kale, alilijibu swali hili zamani: Mungu aliwatendea mema kwa sababu ya huruma yao, si kwa sababu ya uongo wao. Wengine hujibu kwamba muuaji anayetafuta mtoto hana haki ya kuambiwa alipo. Ukiisoma Kutoka 1:17 utaona sababu inayotolewa na andiko lenyewe: walimcha Mungu. Farao alitaka mikono inayopokea uhai igeuke mikono ya kuua, nao wakakataa kazi hiyo.

6. Mama yake Musa alimtupa mtoto mtoni? Mama gani anafanya hivyo?

Hakumtupa. Picha za vitabu vya watoto zimetuharibu hapa: kikapu kinaelea katikati ya mto, mamba wanachungulia kila upande. Andiko linasema alikiweka katika majani, kando ya mto. Majani huzuia mkondo, huficha, na hutoa kivuli. Halafu akaachwa mlinzi, dada wa mtoto, asimame mbali aone yatakayompata.

Angalia pia ujanja uliomo. Amri ilisema watoto wa kiume waende mtoni. Naye akampeleka wake mtoni. Ametii amri mpaka neno la mwisho, ila katikati ya mtoto na maji ameweka lami.

Je, alijua binti Farao huoga hapo? Haikuandikwa. Lakini mwanamke aliyeweza kuficha kilio cha mtoto kwa miezi mitatu si mtu wa kubahatisha mahali.

7. Biblia yangu inasema "akakipaka sifa na lami". Kikapu kinapakwaje sifa?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na kuna mtu alishahubiri mbele yangu kwamba mama huyu alimsifu Mungu huku akisuka. Mahubiri matamu, lakini sifa hiyo si ya kuimba. Ni mafuta ya samaki, hasa papa, ambayo watu wa pwani hupaka mbao za majahazi na ngalawa. Ukishapita karibu na chombo kilichopakwa sifa wakati wa jua kali, harufu yake hutaisahau. Maneno ya Kiebrania pale ni ya lami za aina mbili. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, toleo la mwaka 1952, walichukua neno moja kwa mafundi wa majahazi, na nadhani walichagua vizuri: msomaji wa pwani anaelewa mara moja kwamba hiki ni chombo cha majini, si tenga la nguo.

Kama una watoto wa kufundisha, jaribu jambo hili. Sisi tulichukua kikapu cha ukindu, tukakitia kwenye beseni la maji na pakiti ya unga ya kilo mbili ndani. Hata hatujahesabu ishirini, chini kulishalowa na unga umeanza kuwa uji. Mara ya pili tukaomba lami kidogo kwa mafundi wa barabara, tukaipaka ndani na nje, kila tundu. Kazi hiyo ilikula alasiri nzima, na mikono yetu haikutakata mpaka tukatumia mafuta ya taa. Kikapu kikaelea. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mama yake Musa alinawaje asijulikane?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

8. Kwa nini tafsiri moja husema kisafina na nyingine kikapu?

Neno la Kiebrania ni *teva*. Katika Biblia yote linatumika sehemu mbili tu: chombo cha Nuhu na chombo cha Musa. Aliyetafsiri kikapu ametusaidia kukiona kitu chenyewe. Aliyetafsiri kisafina ametusaidia kusikia mwangwi: safina ya Nuhu, kisafina cha Musa, vyote vimepakwa lami, na ndani yake kuna uhai ambao maji yameshindwa kuufikia.

Mwangwi wa pili umepotea kabisa katika Kiswahili. Majani yale ya kando ya mto huitwa *suf*, na bahari ambayo Waisraeli watavuka baadaye huitwa *Yam Suf*. Sisi tunasoma Bahari ya Shamu, basi hatusikii kwamba mtoto aliyewekwa kwenye majani ndiye atakayewavusha watu wake kwenye bahari ya majani.

9. Dada huyo ni Miriamu?

Sura ya 2 haimtaji jina. Hesabu 26:59 inawataja watoto watatu wa Amramu na Yokebedi: Haruni, Musa na dada yao Miriamu. Kwa hiyo wengi humtambua kuwa ndiye, na sioni sababu ya kubisha.

10. Binti Farao alijua ni mtoto wa Kiebrania. Kwa nini alimchukua?

Kwa sababu alikuwa analia. Ndivyo aya ya 6 inavyosema: alifungua, akamwona mtoto, na tazama, mtoto analia, akamhurumia. Kilio kile kile ambacho mama alikuwa akikificha kwa miezi mitatu ndicho kilichomwokoa.

Si kwamba alidanganywa; mwenyewe alisema huyu ni wa Waebrania. Alijua amri ya baba yake, akaivunja mbele ya vijakazi wake. Hakuwa mtu wa agano wala hakumjua Mungu wa Ibrahimu, na bado maongozi yalipita mikononi mwake. Mapokeo ya Kiyahudi humwita Bithia, yakimhusisha na binti Farao wa 1 Mambo ya Nyakati 4:18. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alimwita Thermuthis.

11. Ni kweli mama yake alilipwa kumnyonyesha mwanawe?

Ni kweli, aya ya 9. Dada alijitokeza akauliza kama amwitie mlezi miongoni mwa wanawake wa Kiebrania. Hakusema ni nani. Binti Farao akasema nenda, akaenda kumwita mama. Basi nyumba ya Farao, iliyotoa amri ya kuua, ikawa inatoa mshahara wa kulea. Sidhani kuna ucheshi uliofichwa vizuri kuliko huu katika Agano la Kale.

## Jina, ikulu na Midiani

12. Jina Musa lina maana gani?

Binti Farao alisema ni kwa sababu alimtoa majini, na Kiebrania *Moshe* kinafanana na kitenzi cha kutoa majini. Ila umbo la jina ni la mtendaji: si aliyetolewa, ni mwenye kutoa. Kwa upande wa Misri, *mose* ni kuzaliwa au mwana, kama unavyoisikia katika Thutmose na Ramesses. Jina moja, lugha mbili, kama mwenye jina mwenyewe.

13. Alikaa na mama yake muda gani kabla ya kupelekwa ikulu?

Andiko linasema tu mtoto akakua, akamleta. Zamani kunyonyesha kulichukua muda mrefu. 2 Wamakabayo 7:27 inataja miaka mitatu. Ni muda wa kutosha kujua lugha ya mama na nyimbo zake.

Kuhusu ikulu, Stefano anasema alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Sisi hupenda kuruka hapo haraka, kana kwamba elimu ya Farao ilikuwa uchafu wa kuoshwa baadaye. Lakini atakayesimama mbele ya Farao ni mtu anayejua ikulu inavyoongea.

14. Je, aliunguza ulimi kwa kaa la moto akiwa mtoto?

Hiyo haimo katika Biblia. Ni masimulizi ya Kiyahudi: mtoto alijaribiwa kwa dhahabu na kaa la moto, akachukua kaa, akalitia mdomoni. Waislamu nao huisimulia. Ilizaliwa ili kueleza kwa nini Musa alijiita mzito wa kusema katika Kutoka 4:10. Isimulie kama masimulizi, usiihubiri kama andiko.

15. Kumuua yule Mmisri kulikuwa mpango wa Mungu?

Hapa watu wengi huteleza. Kwa kuwa mauaji yale yalimfikisha Midiani, na Midiani ikamfikisha kwenye kijiti kinachowaka, wanahitimisha kwamba mauaji yalikuwa mema. Andiko halisemi hivyo. Linasema alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akampiga, akamficha mchangani. Hivyo ndivyo hutenda mtu anayejua anakosea. Kesho yake Mwebrania mwenzake alimuuliza ni nani aliyemweka kuwa mkuu na mwamuzi, na swali lilikuwa la haki. Bado hakuna aliyemweka.

Mungu kulitumia kosa si sawa na kulipanga wala kulisifia. Tazama alivyobadilika: Misri aliua ili kumtetea mnyonge, kisimani Midiani, wachungaji walipowafukuza mabinti saba, alisimama akawatetea, akawanyweshea kondoo wao. Moyo ni ule ule, mkono umejifunza. Mabinti walimwambia baba yao wamesaidiwa na Mmisri mmoja. Kwa hiyo hata baada ya kukimbia Misri, waliomwona waliona Mmisri.

## Maswali magumu

16. Mungu alimwokoa Musa. Je, watoto wengine waliotupwa mtoni?

Nitasema wazi: sura hizi hazitoi jibu la kumtosheleza mama aliyefiwa, na anayelitoa kwa wepesi hajawahi kukaa matangani. Kutoka haisemi watoto wale hawakupendwa, wala kwamba wazazi wao walikosa imani. Yokebedi hakuwa na imani inayozidi ya jirani yake kwa kipimo chochote tunachoonyeshwa.

Kinachosemwa ni kwamba kilio kilifika (2:23–25), na kwamba mtoto mmoja alibaki kwa ajili ya wote, si kwa ajili yake mwenyewe. Mathayo alipoandika habari za Herode na watoto wa Bethlehemu, aliacha kilio cha Raheli kisikike, anakataa kufarijiwa. Hakukifunika kwa maelezo. Usimwambie aliyefiwa kwamba angeomba zaidi.

17. Haruni alinusurikaje?

Kutoka 7:7 inasema Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83 waliposimama mbele ya Farao. Haruni alimtangulia kwa miaka mitatu, na maelezo mepesi ni kwamba alizaliwa kabla ya amri ya mtoni.

18. Nasikia baba yake Musa alimwoa shangazi yake. Mbona sheria inakataza?

Kutoka 6:20 inasema hivyo: Yokebedi alikuwa dada wa baba yake Amramu. Katazo liko Walawi 18:12, na sheria hiyo ilikuja kupitia mikono ya mtoto wa ndoa hiyo hiyo. Kutoka haikuificha aibu ya nasaba ya shujaa wake, jambo ambalo kwangu linaiongezea uaminifu.

19. Jirani yangu Mwislamu anasimulia tofauti. Tunazungumzia Musa mmoja?

Ni mmoja. Katika Qurani, sura ya Al-Qasas aya 7–13 na Ta-Ha aya 38–40, aliyemtaka mtoto asiuawe ni mke wa Firauni, si binti yake. Kuna pia jambo zuri ambalo Kutoka haina: mtoto alikataa kunyonya kwa wanawake wengine wote mpaka akarudishwa kwa mama yake.

Tofauti kubwa iko kwenye sauti. Katika Qurani Mungu anamwambia mama waziwazi asiogope wala asihuzunike, mtoto atarudishwa kwake. Katika Kutoka mama haambiwi neno (tazama swali la 3). Mkiwa mmekaa barazani, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, badala ya kubishana ni mke au binti.

20. Kuna hadithi ya mfalme Sargon aliyewekwa kikapuni. Biblia iliiga?

Hadithi ya Sargon wa Akadi (katika Iraki ya leo), iliyohifadhiwa kwenye vigae vya Waashuru vya karne ya 7 K.K., inasema mama yake alimweka katika kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akaokotwa na mchota maji. Kufanana kupo. Lakini mama wa Sargon aliachia mto umchukue mwanawe, na hakumwekea mlinzi. Hata kama mwandishi wa Kutoka aliijua hadithi ya aina hiyo, dada aliyesimama majanini hakumpata huko.

21. Yokebedi aliishia wapi?

Baada ya 2:10 haonekani tena. Jina lake liko mara mbili tu, 6:20 na Hesabu 26:59, zote ni orodha za nasaba. Katika sura ya 2 yenyewe haitwi kwa jina. Ni "mwanamke", kisha ni "mama wa mtoto". Andiko halisemi kama aliishi kumwona Musa akirudi kutoka Midiani na miaka 80. Mara ya mwisho tunamwona amemshika mkono mtoto aliyekwisha kuacha ziwa, anampeleka kwa mwanamke mwingine, na huyo mwingine ndiye anayempa jina.